Acheni kujaribu woofa kwa amapiano

Najua nitatukanwa, lakini wacha niseme. Wengi wenu hamkununua woofa. Mlinunua wimbo aliowawekea muuzaji.

Si mnajua inavyokwenda. Unaingia dukani na elfu nane yako uliyoihangaikia, jamaa anaunganisha simu, anaweka amapiano, besi anafungulia mpaka mwisho. Kifua kinatetema, roho inaruka, pesa inatoka. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, tena kwa mbwembwe. Nikafika nyumbani Mkomani, nikaweka kasida anayoipenda bibi yangu. Akasikiliza kidogo akauliza, "Huyu mbona yuaimba ndani ya pipa?"

Elfu nane, wanangu. Pipa.

Shida iko hapa: ile ngoma nzito ya amapiano inatoka kwenye programu ya kompyuta. Hujawahi kuona mtu akiipiga mbele yako. Sasa utajuaje kama spika inakudanganya, na huna cha kulinganisha nacho? Ikivuma tu unasema iko fiti.

Na sisi wa Lamu ndio hatuna udhuru kabisa. Tari umelisikia kwenye maulidi tangu hujaota meno. Pembe za vugo umezisikia arusini zikigongwa hatua mbili kutoka ulipo. Basi anza na hizo. Pigo la tari usikie mkono ukigusa ngozi, kisha linyamaze. Spika mbovu inageuza kila pigo kuwa buuum moja refu. Pembe zikisikika kama vijiko kwenye sinki, achana nayo. Halafu weka udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, uone kama sauti yake inakaa mbele au imemezwa. Ukitaka besi, tafuta Culture Musical Club ya Zanzibar, usikilize lile besi kubwa la mti linalopigwa kwa kusimama. Noti zote zikitoka na unene mmoja, hiyo woofa inajua noti moja tu.

Mtasema nyinyi mwasikiliza amapiano, sio taarabu. Sawa, hata mimi. Iweke mwisho, ujue besi inashuka mpaka wapi. Sio mwanzo.

Alafu kuna nyumba zetu, hili hakuna muuzaji atakwambia. Vyumba vya zamani vya mawe ni virefu na vyembamba, maanake upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Kuta za matumbawe na chokaa hazili besi, zinairudisha. Chumba chenye upana wa mita 2.8 kinaipandisha sauti ya mitetemo kama 61 kwa sekunde, na hapo ndipo besi nyingi za klabu zinapokaa. Kwa hivyo mvumo unaojivunia, sehemu yake ni ukuta wa babu yako. Jaribu leo: simama ukutani, kisha tembea hadi katikati ya chumba. Besi itapungua kama imezimwa. Dukani, mlango wazi kwa barabara, hungelijua hilo.

Na ile stika ya wati elfu 10 PMPO, msinichekeshe. Geuza sanduku, soma nyuma linavuta umeme kiasi gani. Kama ni wati 60, hizo nyingine linazitoa wapi?

Wakati huohuo jirani, ambaye kichochoro chake ukinyoosha mikono unagusa kwake na kwako, ana mgonjwa ndani. Yeye hasikii wimbo. Anapata ule mvumo peke yake, usiku kucha.

Mwezi uliopita nilienda duka jengine na flashi yangu, tari na udi ndani. Nikamwomba jamaa aweke sauti ya chini, kama ya mtu anayeongea. Akakataa.

"Ukipunguza hutausikia utamu wake."

Nikachukua flashi yangu nikatoka.