Msiwafunge Kamba Wagonjwa wa Lutuku

Kuna jambo linalofanyika katika vijiji na mitaa yetu, tena kwa jina la Mungu, nalo lapaswa kukoma. Mtu amekunywa lutuku kila siku kwa miaka mingi. Kisha aacha ghafula: pengine ameahidi mbele ya mkewe, pengine hana franka tena. Kesho yake mikono yatetemeka, jasho lamtoka, pengine aanguka na kutikisika kama mwenye kifafa. Siku ya tatu aona wadudu ukutani, asema na watu wasiokuwapo. Ndugu zake wasema: «Ana pepo!» Wampeleka katika chumba cha maombi, wamfunga kamba, wamnyima chakula na maji, wamkemea usiku kucha.

Nasema wazi: huo ni ugonjwa, nao wajulikana tangu zamani. Mganga Mwingereza Thomas Sutton aliueleza mwaka 1813, akauita delirium tremens. Pombe hupunguza mwendo wa ubongo, kama freni. Ubongo nao, ukishikwa freni kila siku, huongeza nguvu ili uendelee na kazi yake. Fikirini chukudu inayosukumwa kwa nguvu huku freni imeshikwa. Freni ikiachwa mara moja, chukudu yaruka mbele na kuanguka. Ndivyo ulivyo ubongo wa mlevi aliyekosa pombe ghafula.

Wengine watajibu: «Mwalimu, tulimwombea, na siku ya tano akapona!» Ndiyo, kwa wanaookoka, fujo hiyo mara nyingi hutulia baada ya siku chache. Na waliozikwa, nani awahesabu? Pasipo dawa ugonjwa huu huua wengi. Hospitalini hufa wachache. Mganga hutoa diazepamu, inayoshika mahali pa ile freni, kisha aipunguza polepole. Hutoa vitamini B1 kabla ya serumu ya sukari, ili ubongo usiharibike. Hutoa maji. Kamba yatoa nini? Lakini msinunue diazepamu sokoni: ikichanganywa na lutuku yaweza kuzima pumzi.

Na Kanisa lasema nini? Katekismu, namba 1673, yataka kuhakikisha kwanza kwamba ni kazi ya Yule Mwovu, wala si ugonjwa. Kanuni 1172 ya Sheria ya Kanisa yakataza kufukuza pepo kwa mwenye kupagawa pasipo ruhusa wazi ya Askofu, naye humpa padri tu. Basi hao wenye kamba, nani aliwapa ruhusa?

Sisemi kama mtu asiye na kosa. Mwanzoni mwa kazi yangu ya ukatekista nilishika miguu ya mtu wa namna hiyo, wenzangu wakimfunga. Aliomba maji. Nikadhani ni pepo aombaye. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Wazee, walimu, wakubwa wa mashirika, sikieni! Mlevi akianza kutetemeka, mpelekeni hospitali siku ile ile. Anywaye kila siku na kutaka kuacha, apite kwanza kwa mganga. Salini njiani, salini kando ya kitanda chake. Ulevi ni dhambi, nasi tutauhubiri tena Dominika. Lakini mgonjwa atibiwe kwanza. Msamaria Mwema hakuuliza dhambi za yule aliyelala njiani. Wala hakuja na kamba: alimtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa fedha yake mwenyewe.