Je, Baba Naye Amepimwa?

Ni mara ngapi tumekaa na dada aliyeolewa miaka minne bila mtoto, akatusimulia mahangaiko yake? Amepimwa, amesafishwa kizazi, amekunywa mizizi ya kila aina. Mawifi wanamsema, mama mkwe amenuna. Tukimwuliza kama mumewe naye amepimwa, anainamisha kichwa. "Yeye ni mzima," anasema. "Nguvu anazo."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Nguvu za kiume ni jambo moja, na uwezo wa kuzaa ni jambo jingine. Mwanamume anaweza kuwa imara kabisa chumbani, na mbegu zake zikawa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Jambo hilo halionekani kwa macho. Linajulikana kwa kipimo tu. Tena hata aliyekwisha kuzaa zamani anaweza kupata tatizo baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Basi kumwita mwanamke tasa kabla mume hajapimwa ni dhuluma. Hili tunawaambia hata sisi wenye wakwe.

Sababu ni nyingi: mishipa ya damu kuvimba ndani ya mfuko wa korodani, kisonono au klamidia isiyotibiwa vizuri, matubwitubwi yaliyompata akiwa mkubwa, sigara, pombe nyingi, na joto kali la muda mrefu. Sindano za homoni ya kiume, wanazotumia baadhi ya wanyanyua vyuma, huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.

Na dawa za mitaani je? Ukipita Kariakoo hukosi kuuziwa mkuyati au vumbi la Kongo, na jioni kuna supu ya pweza. Pweza ni kitoweo kizuri, mpikie mumeo. Lakini vitu hivi vinasifiwa kwa nguvu. Hakuna uthibitisho kwamba vinatibu upungufu wa mbegu. Fedha hiyo ingelipia kipimo.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila kukutana na mke, kisha hutoa manii katika chombo safi cha hospitali, bila sabuni, mafuta wala kondomu. Kama ametolea nyumbani, chombo kibebwe karibu na mwili na kifike maabara ndani ya saa moja. Wakikuta chini ya milioni 16 kwa mililita, daktari atataka kuchunguza zaidi. Jibu moja baya lisiwavunje moyo, kipimo hurudiwa. Mbegu huchukua karibu miezi 3 kutengenezwa, kwa hiyo aliyeacha sigara leo asitazamie mabadiliko wiki ijayo.

Nendeni lini? Mkikaa mwaka mmoja mkikutana mara kwa mara bila kuzuia mimba. Kama mama ana miaka 35 au zaidi, msingoje kupita miezi 6. Wakati huo wote, kukutana kila baada ya siku 2 au 3 kunatosha. Mnaweza kuanzia Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu nanyi, na mkihitaji daktari bingwa mtapewa rufaa.

Sasa, utamwambiaje? Usimwambie mbele ya ndugu zake, wala siku mliyogombana. Ngoja ameshakula, ametulia. "Mume wangu, twende wote. Mimi nitapima, na wewe upime, tujue pa kuanzia." Usimtishe wala usimcheke. Mwanamume anaogopa jibu hilo kuliko anavyoonyesha. Na jibu likiwa upande wake, siri hiyo isitoke nje ya chumba chenu.

Tunamkumbuka Elkana, aliyempenda Hana bila kumhesabia watoto. Mke naye anaweza kumpenda mumewe hivyo hivyo.