JEMBE LA AMRI HALILETI MAVUNO



Kuna mabwana wanaokutana katika mahoteli ya Westlands wakasema kazi ya shambani inatoa mazao haba kwa sababu mkulima na kibarua ni wavivu, wala hawajali udongo. Sisi watu wa reli tunalikataa neno hilo. Mishahara yetu tunaipata Nairobi, lakini mashamba yetu yanalimwa na mama zetu na wake zetu, na uzito wa jembe tunaujua.

Tutazame mambo yaliyopita. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kuuza ng'ombe wao kwa bei duni, ikisema wanaharibu ardhi. Kiwanda cha nyama kilikuwa tayari Athi River kikiwangoja. Watu wakaja Nairobi kwa miguu kumwona Gavana, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini Serikali ikalazimika kuiacha amri ile.

Mwaka 1947 ikawa zamu ya Murang'a. Wanawake waliamriwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, bila malipo, huku mashamba yao yakingoja palizi. Siku iliyochukuliwa na chifu hurudishwa na nani? Magugu hayangoji. Wanawake wakagoma. Hawakukataa udongo mzuri; walikataa kazi ya bure.

Sasa rudini Machakos ile ile. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu walichimba matuta ya fanya juu kwa wingi, na wengi wao walikuwa wanawake wa vikundi vya mwethya, waliojichagulia viongozi. Mavuno yalikuwa yao, na soko la Nairobi lilikuwa karibu. Mwaka 1994 wataalamu Tiffen, Mortimore na Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mazao kwa kila mtu yalizidi na mmomonyoko ukapungua. Mlima ni ule ule, jembe ni lile lile. Uvivu ulikwenda wapi?

Leo Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitoa hata siku ya mapumziko ili watu wapande. Miti ni mizuri, hatuipingi. Lakini kibarua wa Kangemi au Kawangware hulipwa kwa kutwa. Asipofanya kazi, chungu hakipandi jikoni. Na mche ukiisha kupandwa na wakubwa kupigwa picha, ni nani atakayeumwagilia maji wakati wa kiangazi?

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kazi ya kutunza udongo na misitu ni kazi, na ilipwe kama kazi. Pili, anayepanda mti au kuchimba tuta ajue kwa maandishi fungu lake ni lipi. Tatu, wafanyakazi wa mashamba waitwe kupitia chama chao kabla mpango haujaandikwa, si baada ya kutangazwa.

Wanachama, jadilianeni maneno haya katika matawi yenu. Atakayesema mkulima ni mvivu, mwulizeni kwanza: mavuno ni ya nani?