Marekani na pengo la mhudumu wa ngazi ya kati

MTU akishikwa na maumivu ya kifua katikati ya jiji la Chicago, hospitali huwa haiko mbali. Akishikwa nayo kwenye shamba la ng'ombe huko Nebraska, safari ya gari la wagonjwa inaweza kuchukua saa nzima, na aliyeketi naye nyuma huenda ni mwalimu au fundi magari anayejitolea baada ya kazi. Anachoruhusiwa kukifanya mtu huyo ndani ya saa hiyo kimekuwa chanzo cha ubishi wa miaka mingi.

Awali Marekani ilikuwa na jibu. Chini alikuwapo mhudumu wa kawaida wa dharura, anayefunga majeraha na kutoa oksijeni, juu, paramediki. Katikati aliwekwa mhudumu aliyefunzwa kwa mtaala wa mwaka 1985, ambaye kazi yake kubwa ya ziada ilikuwa kutundika dripu na kulinda njia ya hewa. Mtaala wa mwaka 1999 ulimwongezea mengi: kusoma mapigo ya moyo kwenye mashine, kuingiza mpira wa kupumulia kooni na kutoa baadhi ya dawa za moyo.

Lakini mitaala hiyo miwili iliishi pamoja, na kila jimbo lilipunguza au kuongeza lilivyotaka. Wawili wenye cheo kimoja hawakuwa na ujuzi mmoja. Viwango vya elimu vya taifa vya mwaka 2009 vikaifuta ngazi hiyo, na mahali pake akawekwa mhudumu mwandamizi, anayesoma takriban saa 150 hadi 250 juu ya mafunzo ya kawaida. Huyu hutundika dripu, hutoa maji ya sukari kwa mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa nguvu, na adrenalini kwa mwenye mzio mkali. Mashine ya moyo haisomi, wala haingizi mpira kooni.

Waliosomea mtaala wa 1999 walijikuta njia panda: kushuka, au kupanda hadi paramediki, ngazi ambayo masomo yake kamili kwa kawaida huzidi saa 1,000. Mwaka 2013 sajili ya taifa ilianza kudai kwamba anayeanza masomo ya uparamediki na kutaka mtihani wake asome katika chuo chenye ithibati au kilicho njiani kuipata. Kwa mwenye duka na familia kijijini, hilo ni karibu sawa na kuambiwa aache. Majimbo kadhaa, Virginia likiwamo, yaliendelea kuwatambua kwa miaka mingine.

Waliofuta ngazi hiyo wana hoja. Mpira ukiingia njia ya chakula badala ya njia ya hewa, na asitambue mtu, mgonjwa hufa. Na mkono usioifanya kazi hiyo mara kwa mara huisahau. Kijijini mwaka unaweza kuisha bila mgonjwa wa aina hiyo.

Kwenye moyo, hata hivyo, hoja hiyo inapungua nguvu. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2019 unamruhusu hata mhudumu wa kawaida kupima moyo na kumtumia daktari majibu yasomwe huko. Ni nafuu kubwa, ilimradi mtandao upo barabarani. Usipokuwapo, mwalimu yule wa Nebraska hubaki na karatasi yenye mistari ambayo hakufundishwa kuisoma, na saa nzima ya safari mbele yake.