Wageni wa Desemba, watoto na bastola iliyofichwa

Msomaji wangu, siku si nyingi barabara za kupanda Marangu, Kibosho na Rombo zitajaa magari kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mbuzi wameshanunuliwa na mbege inaandaliwa. Katika baadhi ya magari hayo, kiunoni mwa baba au mjomba, chini ya koti, kuna bastola yenye leseni. Mfanyabiashara anayetembea na fedha ana sababu zake, na sheria inamruhusu akitimiza masharti. Sibishani naye. Leo nazungumza na wewe ambaye bastola hiyo inakuja kulala nyumbani kwako.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mvulana wa miaka tisa mwenye jeraha la risasi pajani. Koti la baba yake mdogo lilitundikwa nyuma ya mlango, mtoto akatumwa achukue simu, akaingiza mkono mfuko usio wenyewe. Mama alirudia neno moja: "Daktari, imefyatuka yenyewe." Baba mdogo alikuwa nje kwenye benchi, analia. Baadaye mzee mmoja wa ukoo alinivuta pembeni, akaniomba kwa upole niandike kwamba mtoto ameangukia chuma. Sikuandika hivyo. Mguu tuliuokoa, ila mtoto alitoka hospitali anachechemea.

Hilo neno "imefyatuka" nimelisikia mara nyingi, na kila mara linamtoa mtu kwenye sentensi. Bastola haijiwekei risasi. Kuna aliyeiweka, aliyeiacha mfukoni na aliyelitundika koti pale mtoto anapofika.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka Novemba 2006, dereva wa daladala alipouawa Dar es Salaam kwa risasi ya bastola ya Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora, baada ya mzozo wa barabarani. Alishtakiwa kwa mauaji, baadaye shtaka likawa la kuua bila kukusudia, naye akafariki mwaka 2008 kabla kesi haijamalizika. Nchi nzima ilibishana kama alikusudia au hakukusudia. Swali langu lilikuwa dogo zaidi: bastola ilitokaje kiunoni kwa ugomvi wa magari? Kanuni ya Adhabu yetu inamtwika mwenye kitu cha hatari wajibu wa kukiangalia, na kifo kinachotokana na uzembe mkubwa kinaweza kumfikisha mtu mahakamani hata kama hakumchukia marehemu.

Wajibu huo ni wa wenye sare pia. Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji. Tulimzika huku kwetu, Rombo. Jalada likafungwa bila askari yeyote kushtakiwa kwa risasi hiyo. Mzazi aliyepoteza mtoto namna ile hapozwi na maneno "bahati mbaya".

Turudi chumbani kwako. Wazazi wengi huniambia, "Wangu ana adabu, nimemkataza." Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na wavulana wa miaka 8 hadi 12. Waliwaacha kwa vikundi katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Kati ya vikundi 29, 21 viliipata, na katika vikundi 10 kuna mtoto aliyevuta triga. Wengi wao walikuwa wameshafundishwa kuhusu hatari za silaha. Adabu ya mtoto ni kitu kizuri, lakini usiitegemee kama kufuli.

Jingine ambalo hata wenye leseni husahau: kutoa magazini hakuiachi bastola tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba. Anayesema "nimeshaitoa" mwambie aikague mbele yako, mdomo wa bastola ukielekezwa pasipo na mtu, halafu aifungie kwenye sanduku la chuma, risasi mahali pengine, funguo akae nazo yeye. Chini ya mto si mahali pa kuihifadhi. Kabati la nguo na mkoba wa shangazi pia si mahali pake. Asiye na pa kuifungia aulize kituo cha polisi kilicho karibu namna ya kuihifadhi. Na akishashika kibuyu cha mbege, bastola isiwe mwilini mwake. Hili halina mjadala.

Ikitokea mtu amepigwa risasi, kumbuka mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu tu. Usipoteze dakika kumtafuta mwenye kosa. Kunja kanga safi, kandamiza jeraha kwa nguvu zako zote, wala usifunuefunue kuangalia. Kama ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kitambaa kipana kwa kukaza juu ya jeraha na kumbuka saa uliyofunga. Usichokonoe risasi, usipake majivu wala kahawa, usimpe chakula wala kinywaji. Usipitilize Huruma, Marangu, Kibosho au Machame kwa kutaka kufika KCMC. Damu izuiwe kwanza hospitali ya karibu, rufaa itafuata. PF3 ni lazima ipatikane, lakini mtu mmoja aifuate polisi huku mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali. Na ukifika, sema ukweli. Daktari anayeambiwa "ameangukia chuma" hutafuta kitu kingine, wakati risasi ingali tumboni.

Najua kumuuliza shemeji aliyekuja na zawadi za ukoo mzima si rahisi, hasa kwa mke wa nyumba. Mimi huuliza wakati wa kupokea mizigo, kabla hajaketi, tena kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza habari za safari: "Karibu sana, shemeji. Na ile yako, tuifungie wapi?" Hadi leo hakuna aliyenikasirikia. Mmoja alicheka, akarudi kwenye gari kuchukua sanduku lake.