Mgeni Akiomba Udongo, Muulize Kibali

Ndugu mkulima wa Mikinduri, mvua ya kwanza inyeshapo baada ya kiangazi, shamba hutoa ile harufu tamu uijuayo. Harufu hiyo yatoka kwa vijidudu wa udongoni wasioonekana kwa macho, waitwao streptomisi. Hao ndio watengenezao dawa nyingi za kuua vijidudu wa maradhi. Streptomaisini ya kifua kikuu, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ilitoka kwao. Na tetrasaiklini ambayo Bwana Mifugo humdunga ng'ombe wako, vile vile.

Siku hizi wataalamu hawatosheki na kuokota tu. Kila kijidudu ana jeni zake, yaani maagizo ya urithi, kama punje ya mahindi ilivyo na yake. Mwaka 1985 David Hopwood wa Uingereza na wenzake, akiwemo Satoshi Omura wa Japani, walitwaa maagizo ya streptomisi mmoja wakamtia mwingine, naye akatoa dawa mpya. Kazi hiyo yafaa sana, maana vijidudu wengi wa maradhi wamekwisha zizoea dawa za zamani.

Lakini fundi hodari namna gani haanzi na mikono mitupu. Huanza na kijidudu aliyetoka katika udongo au maji ya nchi fulani. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilitengeneza akabosi, dawa ya kisukari, kwa kijidudu aliyetoka Ziwa Ruiru, hapa hapa Kenya. Dawa ikauzwa ng'ambo miaka mingi kabla Wakenya wengi hawajasikia habari hiyo.

Kahawa yako huitoi bila kupimwa kwenye mizani. Udongo je? Akija mgeni mpole na vifuko vyake, wengi wetu tutamchotea, na chai tumpe juu yake. Chai mpe. Lakini kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka sharti la kibali cha NEMA na ridhaa ya wenyeji, na Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 wataka faida igawanywe kwa haki.

Wako wasemao tutawatisha wataalamu, dawa zichelewe. Sikubali. Mtaalamu wa kweli anacho kibali mfukoni, wala haoni taabu kukitoa. Kisome, au mpe kijana wako wa shule akusomee, kisha mwende pamoja kwa Chifu. Asiye nacho na arudi na vifuko vyake vitupu.