Kata Paipu, Okoa Silinda

Ningependa kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni kufungua nati za paipu za breki katika magari makuukuu yanayofufuliwa.

Magari ya zamani yana sifa kubwa humu nchini. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Si ajabu basi mtu kulitoa gari la babu yake chini ya mwembe akitaka lirudi barabarani. Rangi atapaka, viti atashona. Breki je? Gari litakalopanda milima ya Gwassi sharti literemke pia!

Shida huanzia kwenye nati. Kutu huishikamanisha na silinda, tena huishikamanisha na paipu yenyewe. Fundi mwenye pupa huchukua spana ya mdomo wazi, ambayo hushika pande mbili tu. Pembe zikilika, nati huwa mviringo kama embe. Akizidi kulazimisha, nati hukatikia ndani ya silinda. Hapo ndipo kilio, kwani silinda ya gari la zaidi ya miaka 50 si kitu cha kuokota dukani.

Wapo wasemao eti paipu ya asili lazima iokolewe, ndiyo heshima ya gari. Mimi napinga kabisa! Paipu hutengenezwa upya. Silinda ndiyo adimu. Kwa nini basi tuhatarishe silinda ili tuokoe paipu iliyoliwa na kutu?

Njia bora ni hii. Sugua nati kwa brashi ya waya, utie mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha. Kesho yake tumia spana maalum ya paipu, ambayo hushika karibu pande zote za nati. Kaza kidogo, ndipo ufungue. Ikikataa, kata paipu karibu na nati kwa msumeno wa chuma, kisha uvike spana ya ringi inayoshika pembe zote. Wengine hukimbilia moto. Jameni, mafuta ya breki huwaka, na mipira iliyo karibu huungua!

Isitoshe, mafuta ya breki hufyonza maji kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, hata kiasi cha asilimia 3.7 tu, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto jingi, mvuke huingia kwenye paipu, na dereva hukanyaga pedali ikazama bure. Maji hayo hayo huozesha paipu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Je, paipu kama hiyo ni ya kuonewa huruma?

Wenzangu, baadhi yetu tutaingia gereji za jua kali baada ya kidato cha nne. Tusisifiane kwa nguvu za mkono wala kwa kuokoa shilingi chache. Abiria haulizi kama paipu ni ya asili. Anataka kufika nyumbani. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa breki, huenda usipate hata nafasi ya kuujenga.